Je, Wajua? Setilaiti ya Uhuru Ilipaa Kutoka Bahari ya Malindi

Si wengi, hata katika watu wa mwambao, wanaofahamu ya kuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya iliadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Na kwa taadhima ya siku hiyo Wamarekani walioiunda wakaiita Uhuru. Miale hiyo, kwa kuwa hewa huizuia isifike ardhini, haipimiki barabara ila kwa chombo kilichopanda juu ya anga. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi Uhuru iliorodhesha vyanzo 339, ikafichua gesi yenye hari kali mno iliyotanda baina ya galaksi, na ikadhihirisha ya kuwa miale ya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 hubadilika ghafla ajabu, jambo lililowaelekeza wataalamu hata wakasadiki kwamba hapo pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.