Turubai Moja, Dua Mbili

Turubai likishafungwa mtaani Dar es Salaam, watu huja kabla hawajaulizana dini ya aliyefariki. Vijana hukusanya viti vya plastiki kwa majirani, wanawake huingia uani na masufuria, na mtu mwenye mwandiko wa kusomeka huwekwa mezani na daftari la rambirambi. Taratibu hugawanyika baadaye. Akiwa Mwislamu, mambo huenda haraka: ataoshwa, atavishwa sanda, ataswaliwa na kuzikwa siku ileile ikiwezekana. Akiwa Mkristo, kutakuwa na kusubiri ndugu wa mbali, ibada na kuaga mwili, na mara nyingi safari ndefu ya kumrudisha kwao Kilimanjaro au Kagera. Hata hivyo majirani wa dini nyingine hawaondoki. Mkristo hupokea jeneza kwa zamu hadi makaburini, akasimama kimya wenzake wakiitikia dua. Mwislamu hufuatana na wafiwa hadi kanisani, akangoja mpaka padri amalize. Wakirudi chini ya turubai kula wali na maharage, wote humtaja aliyeondoka kwa neno moja: marehemu.

Neno hilo lina dua ndani yake. Limetoka Kiarabu, na maana yake ni aliyerehemiwa, aliyepata rehema ya Mungu. Mlutheri wa Machame akisema "marehemu babu yangu" anamwombea babu yake kwa neno lililofika pwani pamoja na Uislamu, wala hahisi kwamba ameazima kitu kwa mtu. Neno ni lake. Mimi nauona utaifa wa Mtanzania hapo zaidi kuliko kwenye magwaride na hotuba za sikukuu.

Tumezoea kuambiwa kwamba nchi yenye makabila zaidi ya 120 iliunganishwa na Kiswahili, na kwamba dini zingeachiwa zingeitawanya. Nusu ya maelezo hayo ni kweli. Kiswahili kilituunganisha, lakini kilitufikia kikiwa kimeshalelewa na dini, kwanza moja na baadaye mbili, na malezi hayo ndiyo yaliyokiwezesha kubeba watu wa imani tofauti bila mmoja wao kujiona mgeni.

Zitazame siku za juma. Ijumaa ni siku ya kukusanyika kwa sala, na ni yenyewe iliyolipa juma jina lake. Kesho yake tunaanza kuhesabu: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili. Kwa hiyo Mkristo anayevaa nguo zake nzuri kwenda kanisani asubuhi anakwenda siku ya pili baada ya Ijumaa, na anaitaja hivyo maisha yake yote. Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Kibantu, kisha inafuata Alhamisi, ambayo ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu. Juma letu lina siku mbili za tano zilizopangana, na hakuna aliyewahi kugombana kwa ajili yake. Mzizi uleule wa Ijumaa umetupa jamaa, jamii na jumuiya. Wakatoliki wanaokutana nyumba kwa nyumba kusali wanaviita vikundi vyao jumuiya ndogo ndogo. Na Nyerere, Mkatoliki wa Butiama, alipotafuta neno la siasa aliyotaka nchi ikae juu yake, alichukua ujamaa.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Wamisionari wengi wa karne ya 19 walikiogopa Kiswahili kwa sababu walikiona ni lugha ya Waislamu. Wengine walichagua kuhubiri kwa lugha za makabila: Bruno Gutmann, Mlutheri aliyeishi Uchagani miaka mingi kuanzia 1902, alikithamini Kichaga na mila za Wachaga kuliko lugha yoyote ya pwani. Wengine walikikubali Kiswahili kama kilivyo. Askofu Edward Steere alijifunza Kiunguja kule Zanzibar kwa wenyeji wake, na Biblia nzima iliyotokana na kazi aliyoianza ilitoka mwaka 1891. Katikati yao akaja Mjerumani Karl Roehl, ambaye Biblia yake ya mwaka 1937 ilijitahidi kuyatoa maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Alikuwa na nia njema kwa lugha, lakini waumini hawakuwa na haja ya usafi huo. Tafsiri ya pamoja iliyotoka mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyoenea, imejaa imani, dhambi, toba, rehema, sadaka, malaika, nabii na Injili, na hata kanisa na msalaba ni maneno ya Kiarabu.

Upande wa pili nao ulichukua. Shehe akipanda mimbari humtaja Mwenyezi Mungu, na Mungu ni jina la Kibantu lililokuwako kabla ya msikiti wa kwanza kujengwa pwani. Humtaja Mtume, kutokana na kutuma, na Mkristo huwaita mitume kwa neno hilohilo. Tafsiri nzima ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na padri wa Kianglikana, Godfrey Dale. Aliifanya ili wahubiri wake waujue Uislamu na kubishana nao, na Waislamu wengi hawakupendezwa. Mwaka 1969 ikatoka ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, iliyoandikwa na aliyeiamini, na hadi leo inasomwa majumbani. Mabishano hayo yalikuwa makali, lakini yalifanyika kwa lugha moja, na kila upande ulilazimika kuijua vizuri ili umjibu mwenzake.

Lugha iliyokwisha kupitia hayo ndiyo iliyokutwa na chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954. Nyerere alikuwa mwalimu wa shule ya Kikatoliki pale Pugu. Dar es Salaam aliyoingia kufanya siasa ilikuwa mji wa Waislamu, wenye wazee wake, mashehe wake na vikundi vyake vya ngoma. Bibi Titi Mohamed, aliyewavuta wanawake kwa maelfu, alianzia kwa wenzake wa lelemama na ngoma za mjini, akazungumza nao kwa Kiswahili cha uani na cha harusini. Watu wa Kariakoo walimpokea mwalimu yule wa bara wakamfanya mtu wao. Neno walilopeana katika mikutano lilikuwa ndugu. Zamani pwani watu waligawanywa kuwa waungwana na washenzi, na dini ilikuwa sehemu ya kipimo hicho. Ndugu liliufuta ubaguzi huo hadharani, na nadhani hatujalipa shukrani inayolistahili.

Katika uzee wake Nyerere alifanya jambo lisilotajwa sana: aliziandika Injili kwa utenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Utenzi ni chombo kilichokuzwa na washairi Waislamu wa pwani. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Warumi. Mkatoliki kuchukua chombo hicho na kukitia habari za Yesu, bila mtu kushangaa, kunaonyesha lugha hii imekuwa nyumba ya aina gani.

Katiba ya mwaka 1977 inasema nchi haina dini, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Na wimbo wa taifa, Mungu Ibariki Afrika, ni sala. Wageni huona hapo kuna kupingana. Kwetu mambo hayo mawili yanakaa vizuri, kwa kuwa sala hiyo inamtaja Mungu kwa jina linalotamkwa na wote. Mtoto wa shule ya msingi huiimba mstarini kila asubuhi, akiwa na hijabu, rozari au bila chochote, na katika daftari la mahudhurio utamkuta Mwajuma ambaye baba yake ni Joseph, na Maria ambaye babu yake ni Hamisi.

Salamu ni darasa jingine. Kwa miaka mingi mtu aliyesimama jukwaani alianza na "Asalaam aleikum", akafuata na "Tumsifu Yesu Kristo", kisha "Bwana Yesu asifiwe", na umati uliitikia kila moja. Wengi waliitikia zote. Ndivyo mtoto wa Kiislamu wa Tabora alivyojua kwamba jibu la Wakatoliki ni "Milele, amina", bila kufundishwa na mtu. Tangu mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan ameanza kwa kusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na watu hujibu "Kazi iendelee". Naelewa kwa nini ilitakiwa salamu isiyomwacha mtu nje, na inafaa. Lakini ningesikitika kama ile orodha ya zamani ingepotea, kwa sababu ilimlazimisha kila mmoja kuujua mdomo wa jirani yake. Shikamoo haiko hatarini, namshukuru Mungu. Ilitoka pwani, imefika hadi Kigoma na Mara, na hakuna mzee, wa dini yoyote, anayeikataa.

Desturi ninayoihofia zaidi ni ya kuchinja. Kwa makubaliano ambayo wengi waliyakuta na kuyaendeleza, nyama ya buchani huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu aile. Mkristo mwenye harusi humwita jirani Mwislamu kuja kumchinjia mbuzi au ng'ombe, na si kwamba yeye hawezi kushika kisu. Anataka pasiwe na mgeni atakayesogeza sahani pembeni. Ni ukarimu mkubwa, na kwa kuwa ni ukarimu unaweza kuchosha anayeutoa. Mapema mwaka 2013, Buseresere mkoani Geita, baadhi ya Wakristo walidai haki ya kuchinja na kuuza nyama yao wenyewe. Mzozo ukageuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Tulizoea kuiona desturi hiyo kama mvua, kitu kinachokuja chenyewe. Tulisahau kumuuliza anayeibeba kama bado yuko radhi.

Manung'uniko yapo, na kuyaficha hakusaidii. Shule nyingi za wakati wa ukoloni zilikuwa za misheni, na Waislamu wengi waliachwa nyuma. Serikali ilizitaifisha kuanzia 1969 ili ziwe za wote, lakini pengo halikuzibika mara moja, na wapo wanaohesabu hadi leo nani ameshika ofisi ipi. Suala la Mahakama ya Kadhi limerudi mara kwa mara Tanzania Bara, wakati Zanzibar, ambako karibu wananchi wote ni Waislamu, makadhi wanafanya kazi kwa sheria na mwezi wa Ramadhani hupanga saa za mji mzima. Tangu sensa ya mwaka 1967 hatuulizwi dini wala kabila. Wengine wanadai swali lirudi. Mimi nasema lisirudi: idadi ya waumini ikishachapishwa, kila uteuzi utapimwa kwa hesabu ile, na jirani atakuwa asilimia kabla hajawa jirani.

Kuna gharama nyingine, na hii sioni mahali pa kuilalamikia. Usiku wa msiba Bukoba au Rombo, bibi wa umri mkubwa huanza kulia kwa lugha yake. Anamtaja marehemu kwa majina ya ukoo, anazitaja safari zake na watu waliomtangulia. Wajukuu waliokuja na basi kutoka mjini wamekaa kwenye mkeka karibu naye na hawaambulii kitu. Kiswahili kiliwapa taifa zima, na katika kuwapa kikawanyang'anya mlango wa chumba kimoja cha nyumba yao. Mchungaji akisimama kesho yake na kuhubiri kwa Kiswahili, wataelewa kila neno. Ya bibi yatazikwa naye.

Mila za kale zimedumu pale zilipopata nafasi chini ya turubai. Watani ni mfano. Mchaga akifiwa, Mpare ana ruhusa ya kufika, kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, na kumchekesha mjane katikati ya kilio. Shehe na mchungaji wote wamewahi kuukunjia uso utani huo, na wote wameuvumilia. Arobaini nayo huadhimishwa na Waislamu kwa kisomo na hitma, na Wakristo wengi huifanya kwa misa au ibada ya shukrani, ingawa hakuna kitabu chao kilichowaagiza. Waliiona kwa jirani, wakaona inafaa kuwapumzisha wafiwa.

Mzazi unayesoma haya, kukiwa na msiba mtaani kwenu usiende peke yako. Mchukue mwanao, hata kama wafiwa si wa dini yenu. Mpe viti apange, mpe birika anawishe watu mikono. Asikie dua yao, na asikie wanavyomwita aliyeondoka. Ataijua nchi yake kabla ya kuisoma katika somo la uraia.