CHEMA CHAJIUZA, HATA KATIKA INTANETI

Familia zinazofanya biashara ndogo zisinunue nafasi ya mbele; nafasi hiyo haiuzwi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitoka katika soko la kawaida, ambamo mnunuzi huishika bidhaa mkononi na kuilinganisha na ya jirani kabla ya kutoa fedha yake. Siku hizi limezuka soko jingine lisilo na kuta wala paa, nalo ni intaneti. Mke wa askari ashonaye sare za shule, kijana afugaye kuku wa mayai nyuma ya kota, na mstaafu aliyefungua karakana ya kuchomelea vyuma, wote hao waweza kuwa na tovuti ya kutangazia kazi zao. Lakini wengi wao, baada ya kuifungua, huvunjika moyo. Mteja akiandika katika simu yake maneno "fundi wa sare za shule", tovuti yao haionekani, au huonekana nyuma kabisa, mahali ambapo watu hawafiki.

Hapo ndipo hujitokeza mtu mwenye ulimi mtamu. Huahidi kwamba kwa malipo fulani ataipandisha tovuti hiyo hadi nafasi ya kwanza katika muda wa wiki mbili. Familia isiyojua jinsi nafasi hizo zinavyogawanywa yaweza kutoa hata akiba ya ada ya watoto, na mwishowe isipate kitu. Vibaya zaidi, yaweza kupata adhabu. Kwa hiyo hapana budi kila nyumba ilifahamu jambo hili.

NAFASI ZINAVYOGAWANYWA

Chombo kinachomwonyesha mtu kurasa anazozitaka huitwa injini ya kutafutia, na inayotumika zaidi duniani ni Google. Kazi yake hufanywa kwa hatua tatu. Kwanza, programu zake, ambazo mafundi wa kompyuta wamezipa jina la buibui, hutembea usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Hufuata viungo, yaani yale maneno ambayo mtu akiyagusa hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Pili, yaliyosomwa huwekwa katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu, inayoonyesha neno fulani limo katika kurasa zipi. Tatu, mtu anapouliza, kurasa zinazohusika hutolewa katika faharasa hiyo na kupangwa, bora mbele na hafifu nyuma.

Ugumu wote umo katika hatua ya tatu. Injini nyingi za miaka ya 1990 zilitegemea mno kuhesabu maneno. Wenye hila wakaanza kulirudia neno moja mara nyingi katika ukurasa, pengine kwa maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe, ili mashine ilione na msomaji asilione.

Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walilishughulikia tatizo hilo kwa njia nyingine. Walifahamu kwamba katika elimu, andiko linalotajwa na wataalamu wengi huwa na uzito. Basi nao wakakihesabu kiungo kitokacho tovuti moja kwenda nyingine kuwa ni ushahidi. Wala mashahidi hao hawakuwa sawa, kwani neno la tovuti ambayo yenyewe inategemewa na wengi lilipimwa kwa uzito mkubwa zaidi. Utaratibu huo ukaitwa PageRank, na mwaka 1998 vijana hao wakaanzisha kampuni ya Google. Leo injini hiyo hupima mambo mengine mengi, lakini ushahidi wa wengine ungali una thamani.

WALIOJARIBU NJIA YA MKATO

Palipo na ushahidi, hapakosi mashahidi wa kununuliwa. Kisa mashuhuri ni cha J.C. Penney, kampuni ya Marekani iliyokuwa na maduka zaidi ya 1,000. Katika msimu wa sikukuu wa mwisho wa mwaka 2010, tovuti ya kampuni hiyo iliongoza kwa namna ya ajabu. Mtu akitafuta magauni, mashuka au mazulia, aliikuta mbele. Hata alipotafuta masanduku ya safari ya Samsonite, J.C. Penney iliitangulia tovuti ya Samsonite wenyewe!

Gazeti la New York Times lilichunguza, na mwezi Februari 2011 likaeleza siri hiyo. Viungo vingi vya kuisifia J.C. Penney vilikuwa vimepandwa katika tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala mazulia. Google ikachukua hatua, na kwa masanduku yale ya Samsonite kampuni hiyo ikaporomoka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 71. J.C. Penney ilisema haikuagiza viungo hivyo, ikaachana na washauri iliokuwa imewaajiri. Hata hivyo, aliyeanguka mbele ya watu ni mwenye duka.

Miaka mitano kabla ya hapo, Februari 2006, tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa katika Google. Ilikutwa na kurasa zilizojazwa neno lenye maana ya "magari yaliyotumika", zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine, huku mtu akizifungua hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Ilirudishwa baada ya kurasa hizo kufutwa.

Wala Google haikujisamehe. Mwezi Januari 2012 iligunduliwa kwamba watu walilipwa kuandika habari za programu yake ya Chrome, na kiungo kikawekwa kinyume cha kanuni. Google ikaushusha ukurasa wa Chrome kwa muda usiopungua siku 60. Askari huelewa vyema jambo hili: amri isiyomgusa ofisa haiwezi kuheshimiwa na kuruta. Mwezi Aprili mwaka huohuo ukatolewa utaratibu ulioitwa Penguin, ambao kazi yake ni kuzibaini hila kama hizo bila kungoja gazeti lichunguze.

NJIA ILIYO HALALI

Je, mwenye tovuti ndogo afanye nini? La kwanza ni kuandika kile ambacho mteja anakiuliza, kwa maneno ambayo mteja mwenyewe huyatumia. Ukurasa wenye kichwa "Karibuni" haumwambii mtu kitu. Wenye kichwa "Sare za shule: vitambaa, vipimo na bei" unajibu swali kabla halijaulizwa. Ikiwa wateja huuliza kwa Kiswahili, basi waandikiwe Kiswahili safi. Aidha, kazi mbalimbali zisirundikwe pamoja. Sare ziwe na ukurasa wake, na mapazia yawe na wake.

La pili ni kuwafikiria watumiao simu. Tangu tarehe 21 Aprili 2015, Google huzipa upendeleo kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, pale mtu anapotafuta kwa simu. Picha zipunguzwe ukubwa, ili ukurasa ufunguke upesi bila kula fedha ya mteja.

La tatu ni kutafuta mashahidi wa kweli. Shule iliyoshonewa sare, ushirika wa akina mama, au duka la vitambaa lenye tovuti laweza kuombwa kumtaja fundi huyo na kuweka kiungo. Ushahidi mmoja wa namna hiyo hushinda mia moja wa kununua.

La nne ni kutumia vyombo visivyolipiwa. Kiitwacho Search Console humwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani yaliyowaleta watu kwake, na kama buibui wameshindwa kusoma ukurasa fulani. Pia Google huruhusu biashara kuandikishwa katika ramani yake bila malipo. Lakini hapa familia za askari na polisi hazina budi kuwa na hadhari. Anayeishi kambini asiweke mahali pa kambi katika ramani, wala asipige picha za bidhaa zake huku silaha, magari au majengo ya kikosi yakionekana nyuma. Atumie anwani ya dukani au sokoni, na kanuni za kikosi zitangulie biashara.

MANENO YA KUOGOPWA

Anayeahidi nafasi ya kwanza kwa hakika aogopwe, kwani Google yenyewe hutangaza kwamba hakuna awezaye kuidhamini. Adaiye kuwa na urafiki wa pekee na Google naye aogopwe. Yapo matangazo ya kulipia, nayo huwekewa alama ya kuwa ni matangazo, lakini kuyalipia hakuupandishi ukurasa katika majibu ya kawaida. Vivyo hivyo aogopwe anayetaka kuijaza tovuti mamia ya kurasa zilizoandikwa na mashine bila faida kwa msomaji. Tangu Machi 2024 Google imelitaja wazi jambo hilo kuwa ni kosa.

Wapo washauri waaminifu, lakini hao hueleza watakachofanya, na husema mapema kwamba matunda huchukua muda. Google imewahi kueleza kwamba kwa kawaida huhitajika miezi minne hadi mwaka mmoja.

Basi mama yule mwenye cherehani asikimbilie kutoa ada ya watoto kwa mwenye ulimi mtamu. Jioni, kazi ikiisha, na aketi na mwanawe ajuaye kutumia simu, waandike kwa ukweli ni vitambaa gani alivyo navyo, bei ni kiasi gani, na sare huchukua siku ngapi. Kisha amshonee vizuri mteja aliyekuja leo, kwa kuwa huyo ndiye shahidi wake wa kwanza.