Ampli ndogo za klasi D: zinaweza kuchukua nafasi ya zile nzito za zamani?

Kwenye maduka ya vyombo vya muziki, kuanzia Bunia mpaka Uvira, ampli za aina mbili zinauzwa pamoja. Moja ni nzito, inabebwa kwa mikono miwili, iko na transfo kubwa ndani na meno ya aluminiamu nyuma. Ya pili inaingia kwenye mfuko wa koti, lakini kwenye kartoni yake wameandika kama nguvu yake ni sawa na ya ile kubwa, ao inaipita.

Kwa kanisa lililochanga franga mwaka mzima, ao kwa kijana anayekodisha sono kwenye harusi, kuchagua vibaya ni hasara kubwa. Je, ile ndogo inadanganya? Ao ile nzito imepitwa na wakati?

Tofauti iko wapi?

Ampli ya zamani, ile mafundi wanaita klasi AB, inafanya kazi kama robine ya maji. Transista zake zinafunguka kidogo ao sana, kufuatana na sauti inayoingia. Shida ni kama robine iliyofunguka nusu inazuia umeme, na ule umeme unaozuiliwa unageuka kuwa joto. Ndiyo maana ampli hiyo inahitaji meno ya aluminiamu na ventilateri.

Klasi D iko kama swichi ya taa: inawaka kabisa ao inazimika kabisa, hakuna katikati. Inafanya hivyo mara mamia ya maelfu kwa sekunde moja. Sauti ikipanda, muda wa kuwaka unakuwa mrefu. Ikishuka, unakuwa mfupi. Mwishoni, koili na kondensa zinalainisha ile mipigo mpaka muziki tu ndio unafika kwenye bafle. Kwa kuwa swichi haikai nusu-nusu, joto ni kidogo.

Wengi wanafikiri kama herufi D maana yake ni dijitali. Hapana. Klasi A, B na C zilikuwa zimekwisha kupewa majina, basi hii ikachukua herufi iliyofuata.

Hesabu ya batri

Huku umeme unakatika na watu wengi wanaishi kwa batri na pano za jua, hapa ndipo klasi D inashinda waziwazi. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, inaweza kugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa sauti. Klasi AB, hata kwenye hesabu ya kitabu, haipiti asilimia 78. Na muziki wa kawaida haukai juu kila wakati. Kwenye sauti ya katikati, klasi AB inatumia vizuri kama robo tu ya umeme inaokula.

Mfano: batri ya volti 12 na ampere-saa 100 iko na wati-saa 1200. Ikiwa ni ya asidi, ni vizuri kutumia nusu tu, ni kusema 600, ili isife haraka. Muziki wa wati 20 kwa wastani utakula karibu wati 80 mpaka 100 kwenye ampli ya klasi AB: hiyo ni saa 6 ao 7, bila kuhesabu kile konvertiseri inakula. Klasi D itakula karibu wati 30 kwa kazi ileile: karibu saa 20. Tena ampli nyingi za aina hii zinaunganishwa kwenye batri moja kwa moja, bila konvertiseri.

Na uzuri wa sauti?

Zamani wapenzi wa hi-fi waliicheka klasi D, na walikuwa na sababu. Mwaka 1964 kampuni ya Sinclair huko Uingereza ilitoa ampli ya namna hii, X-10. Transista za wakati ule zilikuwa polepole, sauti ilikuwa mbaya, na chombo kilisumbua redio zilizokuwa karibu.

Mambo yalibadilika wakati transista za haraka, zinazoitwa MOSFET, zilipopatikana kwa bei nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, injinia Mbelgiji Bruno Putzeys alitafuta namna ampli ijisahihishe yenyewe hata baada ya koili ya mwisho, ili sauti isibadilike kila unapobadilisha bafle. Leo kampuni za hi-fi kama NAD na Marantz zinaweka klasi D ndani ya ampli zao za bei kubwa. Kwa ampli iliyotengenezwa vizuri, ubishi wa sikio umekwisha karibu wote.

Mambo ya kuchunga

Kwanza, wati za kwenye kartoni. Zidisha volti mara ampere za alimantasyo: volti 12 mara ampere 5 ni wati 60. Chombo hicho hakiwezi kutoa wati 600 mfululizo. Kwenye batri ya volti 12, ampli ndogo ya kawaida haiwezi kupita wati 18 safi kila upande kwa bafle ya om 4. Inatosha sebuleni ao kwenye chumba cha maombi, haitoshi uwanja.

Pili, nyaya. Kwenye ampli nyingi za zamani, waya hasi za bafle mbili zinakutana ndani. Kwenye klasi D ndogo nyingi, hapana. Ukiziunganisha pamoja ao kwenye masi, unaweza kuiunguza palepale.

Tatu, redio. Ile mipigo ya haraka inaweza kutoa kelele kwenye mawimbi mafupi na ya kati. Kabla ya kulipa, washa redio ndogo karibu na ampli na usikie. Kufupisha nyaya za bafle na kuzisokota pamoja kunasaidia.

Nne, matengenezo. Transista kama 2N3055 ao 2SC5200 fundi anazitoa na kurudisha kwa mkono. Chipu ndogo ya klasi D inahitaji vyombo vya pekee. Mara nyingi plake nzima inabadilishwa.

Basi, nani achukue nini?

Anayeishi kwa batri, ao anayebeba vyombo kwa moto, achukue klasi D kutoka kwa muuzaji anayekubali ijaribiwe kwa saa nzima, sauti ikiwa juu. Mwenye umeme wa kudumu na ampli nzito inayolia vizuri hana sababu ya kuitupa: fundi wa mtaa atairudisha kazini, na sauti yake bado ni nzuri.