Daftari la Nishati na Maji katika Majengo Makubwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Katika jengo kubwa la mjini, umeme na maji ni mali ya namna hiyo: hupita katika nyaya na mabomba yaliyofichika ukutani, hutumiwa na mamia ya watu, na ankara zake aghalabu hugawanywa baina ya wapangaji wengi. Kila mpangaji huiona sehemu yake tu. Naye mwenye jengo, ikiwa si yeye alipaye, hana haja ya kuuliza. Hivyo hasara yaweza kudumu miaka mingi pasipo mtu kuitambua.

Mji wa New York, Marekani, ulilikabili tatizo hili kwa sheria. Huko majengo ndiyo chanzo cha kiasi cha theluthi mbili za gesi za mji zinazoongeza joto la dunia, hasa kwa sababu ya kupasha vyumba joto wakati wa baridi, kuvipoza wakati wa hari, na kuwasha taa. Mwaka 2009 ilipitishwa Sheria ya Mji Na. 84, iliyowataka wenye majengo yanayozidi futi za mraba 50,000 (yaani meta za mraba 4,645 hivi) watoe kila mwaka taarifa ya nishati na maji yaliyotumika. Mwaka 2016 kiwango hicho kiliteremshwa hadi futi za mraba 25,000. Mwisho wa kupokea taarifa ni tarehe 1 Mei, na matokeo hutangazwa hadharani.

Lakini jumla ya matumizi peke yake haitoshi kutolea hukumu. Mathalan, jengo la kwanza lenye sakafu ya meta za mraba 10,000 likitumia kilowati-saa 2,000,000 kwa mwaka, na la pili lenye meta za mraba 4,000 likitumia 1,200,000, la kwanza laonekana kuwa ndilo lifujalo. Ukigawanya kila jumla kwa eneo lake, utapata kilowati-saa 200 na 300 kwa kila meta ya mraba. Kumbe la pili ndilo linalostahili kuchunguzwa kwanza. Hata hivyo hospitali, iliyo macho usiku na mchana, haiwezi kulinganishwa na ghala. Kwa hiyo jengo hulinganishwa na mengine ya kazi ile ile, baada ya kuzingatia hali ya hewa na saa za kazi, kisha hupewa alama kati ya 1 na 100. Tangu mwaka 2020 majengo yanayohusika hubandika mlangoni herufi ya daraja lake: A kwa alama 85 na zaidi, D kwa zilizo chini ya 55, na F kwa asiyeleta taarifa.

Maji nayo yana hesabu yake. Mita ikionyesha kupita lita 100 kwa saa usiku wa manane, wakati jengo halina mtu, basi pana mvujo. Kwa mwaka mzima lita hizo hufikia 876,000, yaani meta za ujazo 876.

Yafaa ieleweke kwamba kuandika si kupunguza. Daftari halizibi bomba wala halibadilishi tanuri la mafuta. Ndiyo maana mwaka 2019 mji ulipitisha Sheria Na. 97, iliyoweka kikomo cha gesi hizo kuanzia mwaka 2024, pamoja na faini ya dola 268 kwa kila tani inayozidi. Sheria hiyo ilizusha mabishano, kwani kubadili mitambo ya jengo kuukuu ni gharama kubwa. Lakini pasipo rekodi za miaka iliyotangulia, kikomo hicho kisingekuwa na msingi, na kila upande ungebishana kwa kubahatisha.

Mwanafunzi naye aweza kuanza shuleni kwake. Aisome mita ya maji jioni, matangi yakiwa yamekwisha kujaa, kisha aisome tena alfajiri kabla bomba lolote halijafunguliwa. Tofauti yoyote atakayoiona ni mvujo, na mahali pa kwanza pa kuutafuta ni vyooni.