Dhambi Iliyosahauliwa: Je, Imesamehewa?



Katika jamaa nyingi za Baraka na Fizi, mama ni Mkatoliki na watoto ni Wapentekoste. Mama mgonjwa ameungama kwa padri. Usiku anakumbuka dhambi ya ujana ambayo hakuitaja. Analia. Je, ondoleo lile lilikuwa bure? Na mtoto aliyeokoka amjibu nini?

Kwanza tuseme kweli juu ya mafundisho yao, maana wengi wetu tunayasimulia vibaya. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulifundisha mwaka 1551 kwamba dhambi ambayo mtu ameitafuta moyoni kwa bidii asiikumbuke, imesamehewa pamoja na zile alizozitaja. Akiikumbuka baadaye, na ikiwa ni nzito, ataitaja atakapoungama tena. Lakini hakai bila msamaha akingoja siku hiyo. Kinachoharibu ungamo ni kuficha kwa makusudi, na kusahau si kuficha.

Fikiri habari ya hapa kwetu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya Mulele, padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha watu kanisani Baraka. Waasi wakamwua Furere Vittorio Faccin nje, kisha padri naye akauawa. Waliokuwa bado wanangoja zamu yao, je, walibaki na dhambi zao? Kanisa lao lenyewe halisemi hivyo. Anayetubu kwa kumpenda Mungu, akikusudia kuungama mara apatapo nafasi, husamehewa hata kabla ya kumfikia padri.

Sisi hatukubaliani nao kwamba ondoleo lipitie kwa padri. Soma Waebrania 4:14-16 na 1 Yohana 1:9. Lakini tusijivune. Kwetu pia wapo wanaokuja mbele kila mwito wa toba kwa dhambi ileile ya zamani. Hofu ni moja, imehama jengo tu. Daudi, katika Zaburi 19:12, aliomba asafishwe hata makosa asiyoyaona, na mtoza ushuru wa Luka 18 hakutoa orodha yoyote, akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Basi wewe mtoto, usiifanye hofu ya mama kuwa wavu wa kumvulia. Keti kando ya kitanda, msomee Luka 18:9-14 polepole. Mwambie Yesu anaijua dhambi ile tangu siku ilipotendwa. Akiomba padri aitwe, usimgombeze. Omba pamoja naye, hata kama ameshika rozari mkononi.