Siasa na Kunga katika Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili: Mtazamo kutoka Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Mgogoro kati ya wanamapokeo na wanausasa ni miongoni mwa mijadala mirefu zaidi katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Makala haya yanafafanua namna mjadala ulioanza na maswali ya kunga, yaani vina, mizani na mapigo, ulivyogeuka kuwa mabishano ya siasa na utambulisho, na hasara iliyotokana na mgeuko huo. Hasara hiyo inatazamwa kutoka nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo, ambako mtunzi wa Kiswahili aghalabu ni mzungumzaji wa Kiha. Hoja kuu ni kwamba siasa kama maudhui haikuudhuru ufundi wa ushairi. Kilichoudhuru ni siasa kama hukumu, pale swali la kiufundi lilipojibiwa kwa kuangalia muulizaji yuko upande gani.

1. Utangulizi

Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa mwaka 1923, ukurasa wa mashairi ulikuwa uwanja wa watu waliotunga kwa mapenzi yao. Makarani, walimu, mafundi na wafanyabiashara walitungiana maswali na majibu, wakasahihishana vina, wakakosoana mizani. Hawakulipwa wala hawakuwa wataalamu wa chuo. Kilichowakutanisha ni ufundi. Anayetaka kuingia katika kundi hilo alitakiwa kwanza kujua kuhesabu, na aliyekosea aliambiwa amekosea wapi.

Desturi hiyo ilipata maandishi yake rasmi mwaka 1954, pale Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Umuhimu wa kitabu hicho kwa mtunzi wa bara hausisitizwi vya kutosha. Kilichokuwa kikirithishwa kwa kusikia na kuimba katika miji ya pwani kiliwekwa katika kanuni ambazo mtu yeyote anayejua kusoma angeweza kujifunza. Mtu wa Kasulu au Kibondo, asiyekulia penye magungu na tenzi, alipata mlango wa kuingilia. Swali linaloshughulikiwa hapa ni nini kiliupata mlango huo katika miongo iliyofuata.

2. Siasa kama maudhui

Ni kosa kudhani kwamba siasa ilivamia ushairi wa magazeti kutoka nje. Ilikuwamo tangu mwanzo. Amri Abedi mwenyewe alikuwa mwanasiasa: alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baada ya uhuru akawa waziri. Saadani Abdu Kandoro alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, na diwani yake ya mwaka 1961 inaitwa Mwito wa Uhuru. Kwa watunzi hawa, siasa ilikuwa jambo la kuimbwa, na ubeti ulikuwa chombo cha kuliimba. Shairi la kudai uhuru lililopungua mizani lilibaki kuwa shairi lenye kasoro, hata kama dai lake lilikuwa la haki. Vipimo viwili vilikaa pamoja bila kimoja kumeza kingine.

Ushirikiano wa siasa na ushairi ulipata nguvu zaidi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Watunzi walihimizwa kulieneza Azimio, na Mathias Mnyampala, kupitia chama cha UKUTA, akaikuza ngonjera kuwa utanzu wa kufundishia siasa ya ujamaa. Ngonjera za UKUTA zilianza kuchapishwa mwaka 1970, na utanzu huo ukaenea katika shule za msingi. Kwa wanafunzi wengi wa bara, ushairi wa Kiswahili ulikutwa kwanza kama ngonjera ya kughani mbele ya wageni siku ya sherehe. Hata hapo kunga zilibaki: ngonjera hufuata vina na mizani, na mtoto anayeighani hujifunza mapigo yake hata kama hajaelezwa jina lake.

3. Siasa kama hukumu

Mgeuko ulikuja katika miaka ya 1970. Mwaka 1973 Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi walitoa Mashairi ya Kisasa, na mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofungwa na vina wala idadi maalumu ya mizani. Swali lililozuka lilikuwa la kiufundi kabisa: je, kuna kitu katika lugha ya Kiswahili chenyewe, mbali na mazoea, kinacholazimisha vina na mizani? Jibu lake lilihitaji uchunguzi wa silabi, mkazo, muziki wa uimbaji na tofauti kati ya shairi la kuimbwa na shairi la kusomwa kimya.

Uchunguzi huo ulifanyika kwa kiasi. Kunga za Ushairi na Diwani Yetu cha Mulokozi na Kahigi, kilichotoka mwaka 1979, kinajadili mapigo na muundo kwa undani, na jina lake lenyewe linarejesha neno kunga katika mjadala. Kwa upande wa pili, Kandoro alitoa Ushahidi wa Mashairi ya Kiswahili na Lugha Yake mwaka 1978. Hata hivyo, sehemu kubwa ya malumbano ilifuata njia nyingine. Wanausasa waliweza kuelezwa kuwa waigaji wa Wazungu na wavunjaji wa urithi wa Mwafrika. Wanamapokeo nao waliweza kuelezwa kuwa watetezi wa umwinyi na wapinzani wa maendeleo. Makala ya Mulokozi ya mwaka 1975 katika jarida la Kiswahili ilibeba katika kichwa chake upinzani kati ya mapinduzi na wanaoyapinga, msamiati wa siasa za enzi yake.

Mabadiliko haya yanaonekana wazi katika maana za maneno. Guni lilikuwa istilahi ya fundi: shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Mtu aliyeambiwa shairi lake ni guni aliweza kwenda kulirekebisha. Neno hilo lilipotumiwa kuliita kila shairi lisilofuata arudhi, lilipoteza kazi yake ya kuonyesha kosa na likawa jina la kambi. Vivyo hivyo, neno huru katika mashairi huru lilibeba mwangwi wa uhuru wa nchi, hata anayetetea mizani akaonekana anatetea minyororo. Istilahi zilizohitajika zaidi, kama vile ukwapi, utao, kituo na mkarara, hazikuwa na mwangwi wa namna hiyo, na kwa hiyo hazikuwa na nguvu katika malumbano.

4. Ushahidi wa Kigoma

Mabishano ya kambi yalijengwa pia juu ya jiografia. Arudhi ilihesabiwa kuwa mali ya pwani, na ushairi huru kuwa sauti ya bara. Mkoa wa Kigoma unatosha kuitia shaka hoja hiyo. Amri Abedi na Kandoro, watetezi wawili mashuhuri wa kanuni za jadi, wote ni wazaliwa wa Ujiji, mji wa ziwani ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Kezilahabi naye alizaliwa Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Yaani mgogoro unaosimuliwa kuwa kati ya pwani na bara ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kati ya watu wa maziwa wao kwa wao.

Ndani ya Kigoma penyewe kuna tofauti inayofaa kuzingatiwa. Ujiji ulikuwa kituo cha misafara ya karne ya 19, na Kiswahili kikawa lugha ya mji. Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zilipata Kiswahili kwa njia nyingine: misheni, shule, baraza la serikali, na safari za manamba waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kurudi na lugha ya kambi. Katika nyanda hizo Kiha kimebaki kuwa lugha ya nyumbani. Mtunzi wa huko hana sikio la kurithi la mashairi ya Kiswahili, na kwa sababu hiyo anahitaji maelezo ya kunga kuliko mtu mwingine yeyote.

5. Maswali yaliyokosa nafasi

Maswali ambayo mtunzi mwenye Kiha angeuliza ni ya kiisimu, na yana majibu. La kwanza linahusu nazali. Katika Kiswahili sanifu, mbaya katika mtu mbaya ina mizani 3 (m-ba-ya), kwa kuwa m ni kiambishi cha ngeli na ni silabi kamili. Katika nyumba mbaya, neno hilohilo kwa maandishi lina mizani 2 (mba-ya). Kipande mtu mbaya apite na kipande nyumba mbaya yavunjika vyote vina mizani 8. Anayehesabu mbaya kwa namna moja katika vipande vyote viwili atapata 7 katika cha kwanza au 9 katika cha pili, na hataelewa kwa nini mhariri amelirudisha shairi lake.

Kiha kinaweza kumsaidia mtunzi huyu badala ya kumkwaza. Kiambishi cha ngeli ya kwanza katika Kiha kina irabu yake, kama katika umuntu, neno linalolingana na mtu. Mzungumzaji wa Kiha akikumbuka kwamba m ya mtu ni mabaki ya mu, na kwamba m ya nyumba mbaya haikutokana na mu, anapata kanuni ya kuhesabia isiyohitaji sikio la pwani. Hapa sarufi linganishi ya Kibantu inafanya kazi ya mwalimu wa ushairi.

Swali la pili linahusu urefu wa irabu. Kiha, sawa na jirani yake Kirundi, hutofautisha irabu fupi na ndefu, na irabu ndefu hukaa katika silabi moja. Katika hesabu ya mizani za Kiswahili, irabu mbili zinazofuatana, kama katika kaa au saa, ni mizani 2. Mtunzi anayesikia irabu moja iliyorefushwa atahesabu 1. Swali la tatu linahusu maneno ya mkopo. Anayekubali silabi funge atahesabu daftari kuwa na mizani 3 (daf-ta-ri). Anayeipa konsonanti f pigo lake atapata 4. Anayepachika irabu na kutamka dafutari, kwa kufuata mazoea ya silabi wazi, naye atapata 4, lakini kwa sababu tofauti. Mjadala wa kanuni hii moja ungewafaa watunzi wengi kuliko kurasa nyingi za kubishania nani mzalendo.

Swali la nne ni la wanausasa wenyewe. Ikiwa kina hukaa kwenye silabi ya mwisho, na mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi vina vya Kiswahili huangukia aghalabu kwenye silabi isiyo na mkazo. Uimbaji huipa silabi hiyo uzito. Usomaji wa kimya hauipi. Hoja ya kuacha vina katika shairi la kusomwa ingeweza kujengwa juu ya msingi huu bila kumtaja mwinyi wala beberu. Na hoja ya kuvihifadhi ingeweza kujengwa juu ya uimbaji bila kumtaja Mzungu.

6. Mfano wa kuvuka kambi

Kwamba maumbo mawili yanaweza kukaa katika mkono mmoja kunathibitishwa na Julius Nyerere. Tafsiri zake za tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar ya mwaka 1963 na Mapebari wa Venisi ya mwaka 1969, zilitumia mistari isiyo na vina, miaka kabla ya Kichomi. Lakini alipozitafsiri Injili, zilizochapishwa mwaka 1996, alichagua utenzi wenye mizani 8 na vina vyake. Maongezi ya jukwaani yalihitaji umbo moja. Simulizi ndefu ya kughaniwa ilihitaji jingine. Uchaguzi wake unaweza kuelezwa kwa kazi ya kila umbo, bila kumweka katika kambi yoyote.

7. Hitimisho

Si sahihi kuwalaumu watunzi na wahakiki wa miaka ya 1970 kwa kuingiza siasa katika ushairi. Nchi ilikuwa ikijenga itikadi, na waliokuwa na kalamu waliitumia. Linalofaa kusahihishwa ni namna mgogoro huo unavyofundishwa. Mwanafunzi anayetakiwa kutaja hoja tano za wanamapokeo na hoja tano za wanausasa hujifunza orodha ya kambi, na anaweza kufaulu mtihani bila kuweza kuhesabu mizani za ubeti mmoja. Katika Kasulu na Kibondo, ambako vyuo na shule huwaandaa vijana wenye Kiha vinywani mwao, pengo hilo lina gharama: mlango uliofunguliwa mwaka 1954 unabaki wazi kwa jina tu.

Mgogoro wa ushairi unaweza kusomwa upya kama hazina ya maswali ya kiufundi yaliyokatizwa. Kazi ya kuyajibu inahitaji wanaisimu wa lugha za bara sawa na inavyohitaji wajuzi wa arudhi, kwa kuwa jibu la swali la mtunzi wa Kibondo juu ya herufi m limo katika Kiha chake.