Drifti: tairi za nyuma ziteleze, za mbele zishike
Unaanza drifti? Usikimbilie tairi ghali za nyuma. Gari huteleza pale nguvu ya injini inapoushinda mshiko wa tairi hizo. Zile ngumu za bei poa huachia mapema, mwendo ukiwa bado mdogo, kwa hiyo ukikosea unawahi kurekebisha. Pesa weka mbele, maana usukani unategemea mshiko wa huko.

Ila bei poa isiwe tairi iliyozeeka. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira mkuukuu hukakamaa, hufanya nyufa, na ukipata moto unaweza kukupasukia.

Moto wenyewe unatokana na msuguano. Hewa ya ndani ikichemka, upepo unapanda; pima tairi zikiwa baridi, pima tena ukitoka uwanjani. Nyuzi zikichungulia, simama hapo hapo, hata kama washkaji bado wanakushangilia.